Mteja Aliyetaka Zaire za Zamani

Ukitaka kupima dhahabu, kwanza funga mdomo. Nawaambia ninyi vijana wa mizani ya umeme, mnaopima huku mnapiga simu na kucheka. Mizani yetu ilikuwa na sahani mbili ndogo zinazoning'inia kwenye nyuzi, na pumzi ya mtu mmoja ilitosha kuzitikisa. Mteja alikuwa anainama juu ya sahani ahakikishe haibiwi, na kama alikula kitunguu asubuhi tulijua sote. Tulimwambia kwa adabu, "Papa, geuza uso kidogo." Lori likipita barabarani, tulingoja lipite. Mtu akipiga chafya, tulianza upya, na patron, tajiri wetu mwenye kununua dhahabu, alitutazama sisi, utadhani sisi ndio tuliompa mteja mafua.

Kazi hiyo niliifanya hapa Bunia tangu usichana wangu mpaka macho yaliponikatalia. Siku hizi naketi hapa mtaani Saio, watoto wananiita koko Vero, yaani bibi yao, na wakichoka na simu zao wananiuliza mambo ya zamani. Swali linalorudi sana ni hili: koko, ni kweli pesa ya nchi nzima inaweza kufa?

Inakufa. Nimeiona ikifa zaidi ya mara moja, na mara ya zaire, pesa yetu ya wakati huo, ndiyo nitakayowasimulia.

Lakini kwanza mjue tulipimia nini, la sivyo hamtaelewa. Mawe ya mizani hatukuwa nayo. Tulikuwa na sarafu za wakati wa Wabelgiji, za shaba ya njano, zenye picha ya tembo. Sokoni zilikuwa zimekwisha kufa kabla sijaanza kazi, mama muuza karanga asingekupa hata punje kwa sarafu hiyo. Kwenye mizani zilikuwa hai. Bei ya dhahabu ilitajwa kwa sarafu: sarafu moja, sarafu mbili. Kwa vipimo vidogo tulitumia vijiti vya kiberiti. Kijiti kizima, nusu kijiti, na kichwa cha kijiti peke yake nacho kilikuwa na wateja wake. Wanunuzi wengine walichovya vijiti vyao kwenye maji ili viwe vizito. Kwa hiyo mchimbaji mjanja alikuja na kiberiti chake mfukoni, na sarafu yake pia, na kabla ya kupima tuliweka sarafu yake sahani hii na yetu sahani ile, tuone kama zinasikilizana.

Aliyenifundisha ni muzee Alfonsi, mpimaji mkuu wa nyumba yetu ya dhahabu, mtu mkavu mwenye vidole virefu na maneno machache. Alinifundisha kupitisha sumaku juu ya unga wa dhahabu ili mchanga wa chuma uruke. Alinifundisha kumtazama mteja mikono, si uso, maana uso unajua kudanganya. Na alinikataza kusugua sarafu. "Uchafu wake ni sehemu ya uzito," alisema. "Ukiusafisha, umeiba."

Mdogo wangu Fostini, aliyeniita yaya, dada yake mkubwa, hakulisikia hilo. Alikuwa mchimbaji, na msimu mmoja mvua ilijaza mashimo yao, akarudi nyumbani kukaa bure. Siku hizo alikuwa anakuja kazini kwangu kupiga soga. Siku moja mimi na muzee tulitoka, akaona sarafu zetu zilivyo nyeusi, akatuonea huruma. Tuliporudi tulimkuta na majivu, mchanga mwembamba na ndimu, ameshika sarafu moja anaisugua na kuimba. Alikuwa ameisugua sana, tembo hakuwa na sikio tena.

"Fostini, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Yaya, niko nasaidia. Hii makuta yenu ilikuwa inaleta haya."

Muzee Alfonsi aliiweka kwenye mizani pamoja na mwenzake. Ilikuwa imepungua nusu kijiti cha kiberiti. Nilidhani atamfukuza. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akamtupia sarafu ile. "Kamata mutoto wako. Kwa mununuzi ni hasara, kwa muchimbaji ni bahati. Ukipimisha na hii, kila siku utapata faida kidogo." Fostini aliifunga kwenye kona ya kitambaa chake, na maji yalipopungua akarudi machimboni nayo.

Mashimo yakauka, wakachimba, na siku moja ardhi ikaanguka juu yao. Habari ilitufikia kwa dereva wa lori. Wenzake walichimbua siku kadhaa, wakatoa makoleo na viatu, watu hawakuwapata. Wakaacha.

Mama yetu hakulia. Majirani walikuja na mikeka tayari kwa matanga, akawarudisha mlangoni. "Mutoto wangu hamukumuona," aliwaambia. "Mutamulilia vipi mutu hamukumuona?" Akaendelea kupakua sahani ya Fostini kila mlo, jioni akawagawia watoto wa jirani. Mimi niliogopa kumwangalia usoni akipakua. Nyumbani hatukuwa na msiba wala hatukuwa na mtu.

Sasa nije kwenye pesa. Zaire haikufa ghafla, kwanza ilivimba. Sufuri ziliongezeka juu ya noti mpaka ikawa unakwenda kununua sombe, majani ya mihogo, na bunda la noti kubwa kuliko sombe yenyewe. Halafu siku moja redio ikatangaza kwamba milioni tatu za zaire ya zamani zitakuwa zaire moja mpya. Milioni tatu, moja. Mashine ya hesabu ya patron haikuwa na nafasi ya kutosha kwa sufuri zetu, akaipigapiga mezani akidhani imeharibika. Muzee Alfonsi alijaribu kwa maharage, kila punje milioni moja, mke wake akaja kuyadai ya kupika. Sokoni watu waligombana bila kujua wanagombania nini. Mtu anasema "tano", mwenzake anauliza, tano za marehemu au tano za mtoto mchanga? Mlicheka sasa hivi, sisi hatukucheka.

Serikali ilitoa muda mfupi wa kubadilisha, na kila mtu kiwango chake. Foleni ya benki ilizunguka nyumba. Patron wetu, tajiri kama alivyokuwa, hakuweza kubadilisha zote, akabaki na magunia ya noti za zamani kwenye stoo. Na mama yangu hakwenda kabisa. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa noti, akiba ya ng'ombe wa mahari ya Fostini. Alikuwa ameiweka miaka, kwa kuuza maziwa na mihogo.

"Mama, muda unaisha," nilimwambia. "Itakuwa karatasi ya kuwashia moto."

"Ile feza si yangu. Ni ya Fostini. Atakwenda kubadilisha yeye mwenyewe."

Muda ukaisha. Kopo likarudi chini ya kitanda. Nilijua maana yake: angeenda benki, angekuwa amekubali kwamba mwenyewe harudi.

Yule mteja alikuja baada ya hapo, mchana wa jua kali, mavumbi ya kiangazi yamejaa mpaka mlangoni. Alivaa koti la mvua. Buti zake zilikuwa mbichi, zina udongo mweupe, ule unaokutana nao chini sana, karibu na mwamba. Alisalimia vizuri, akaketi, akatoa kifurushi chake.

"Munalipa na feza gani?" akauliza.

"Mpya," alisema patron. "Ya zamani ilikwisha."

"Siye tunataka ile ya zamani."

Patron alinitazama, macho yanacheka. Dhahabu kwa karatasi za kutupa. Akamwambia haraka kwamba ataona la kufanya, akaenda stoo.

Mimi nikapima. Dhahabu ilikuwa safi, sumaku haikuokota hata chembe, na ilikuwa ya baridi, baridi ya kitu kilichotoka kisimani. Yule mtu akainama juu ya mizani kama wateja wote, uso wake karibu kabisa na sahani. Nikafungua mdomo nimwambie ageuze uso. Nikaufunga. Sahani hazikutikisika. Alikuwa anaongea, ananiuliza kama mvua imeshapita Bunia, midomo inacheza pale juu ya uzi, na sahani zimetulia kabisa. Lori likapita nje, zikatikisika kidogo. Likaenda, zikatulia, na yeye anaongea bado.

Alipoondoka na noti zake, muzee Alfonsi aliosha sahani kwa maji ya moto, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya.

"Vero, uliona?"

"Niliona, muzee."

"Basi usimuambie patron. Ule anaona gunia tu."

Patron alikuwa na maelezo yake. Watu wa Kasai walikataa pesa mpya, alisema, kule zaire za zamani bado zinanunua chumvi, na wafanyabiashara wanazikusanya na kuzipeleka kwa ndege. Jambo hilo la Kasai lilikuwa kweli, mtawauliza wazee wengine. Huenda yule mtu naye alikuwa mfanyabiashara wa Kasai. Sijawahi kuapa kwamba hakuwa. Nawaambia nilichokiona kwenye sahani, basi.

Alirudi, akarudi tena. Kila mara mchana, kila mara koti na buti mbichi. Gunia la kwanza likaisha. Patron akawa na furaha hata akatununulia bia na mishikaki, na muzee Alfonsi akasema tumbo linamuuma, hakula.

Halafu siku moja yule mteja akasema, "Leo tupime na yangu," akaweka sarafu mezani.

Tembo hakuwa na sikio.

Niliichukua. Nikaigeuza na kuigeuza, mpaka muzee Alfonsi akaitoa mkononi mwangu akaiweka sahanini. Akaweka ya kwetu upande wa pili. Ilipungua nusu kijiti cha kiberiti.

"Mwenye hii sarafu iko wapi?" nikauliza.

"Iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Chini."

"Ule ni ndugu yangu."

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. "Weye ni yaya Vero," akasema, si kwa kuuliza. "Alisema utaijua."

"Mbona haji kwetu? Mama iko namungojea."

Akafikiri, kama mtu anayetafuta namna ya kumweleza mgeni njia. "Anauliza kama mama alibadilisha ile feza ya kopo."

Hakuna mtu wa nje aliyejua habari ya kopo. Nikamjibu kwamba hakubadilisha.

"Nitamuambia. Atafurahi. Kule siye hatukubadilisha."

Nilitaka kumfuata. Nilikuwa nimekwisha inuka, nimeacha mizani wazi na dhahabu juu yake, kosa la kufukuzwa kazi. Muzee Alfonsi alinishika mkono akanikalisha, akazungumza na yule mteja kwa heshima sana, kama anavyozungumza na pasta. Akachukua noti mpya moja mfukoni mwake, mshahara wake mwenyewe, akaikunja. "Umupelekee mutoto. Anunue chumvi na sabuni." Mteja akaipokea.

"Sasa tutajua," muzee aliniambia baadaye. "Kama iko hai pahali, hata mbali sana mu pori, atakamata ile noti. Mutu wa hai anataka feza yenye inanunua."

Sikuwahi kuombea jambo kama nilivyoombea ile noti ipotee. Nilimwomba Mungu yule mtu awe mwizi, aile. Fostini ainywee pombe. Chochote.

Mteja aliporudi, aliiweka mezani kabla ya salamu. Ilikuwa imekunjwa vilevile, imelowa kidogo. "Anasema asante, muzee. Anasema hii haijui."

Jioni hiyo nilimweleza mama yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza, alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Anakuja siku gani?"

"Hana siku, mama."

"Basi nitangoja. Ninajua kungoja."

Kuanzia kesho yake aliketi kwenye benchi la wateja, kitenge chake cha kanisani, kopo mapajani. Patron alinung'unika kwamba nyumba yake si hospitali. Mama akasogea tu kumpisha mteja. Alitusindikiza asubuhi na kuondoka nasi jioni, siku baada ya siku, mpaka wachimbaji wakazoea kumpa salamu kabla ya kutupa sisi.

Yule mtu alipoingia, mama alimjua bila kuonyeshwa. Alisimama, akamkabidhi kopo kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Fostini. Haipunguki hata moja."

Mteja hakuhesabu. Aliingiza kopo ndani ya koti lake, akatoa kifurushi kimoja kidogo. "Na hii ni jasho yake. Alichimba yeye mwenyewe, si ya kuuza." Nikapima, maana mama aliniashiria nipime. Sijawahi kubana pumzi namna ile. Sitawaambia ilikuwa sarafu ngapi. Ilitosha ng'ombe.

"Anakula?" mama akauliza.

"Hana njaa, mama."

"Anaumwa?"

"Hapana. Sasa feza yake iko naye, anaweza kuoa. Alikuwa nangoja hii tu."

Mama aliuliza swali ambalo mama yeyote wa hapa angeuliza.

"Binti ya nani?"

"Furaha, wa mama Tabita. Wa Boga, kule mwisho ya nyumba, mbele ya kuteremuka Semliki."

Akasema kwaheri, akatoka. Nilimwona akikatiza sokoni na koti lake la mvua, watu wanampisha bila kumtazama, na hakurudi tena kwetu. Gunia la mwisho la patron lililiwa na panya.

Patron alitaka kununua ile dhahabu palepale, kwa dola. Mama alimwambia kwamba mahari haiuzwi. Nikategemea muzee Alfonsi amwambie aache, kwamba kule kijijini Boga watu watatucheka. Badala yake akauliza, "Mama, msemaji wenu ni nani?" Maana wanawake wawili hawaendi kupeleka mahari peke yao. Na juma lililofuata alipanda lori pamoja nasi, amevaa suti iliyonuka dawa ya nondo, amebeba jogoo. Tulipitia Irumu, lori likakwama, tukasukuma sote, hata yeye na suti yake. Njia nzima mama alirudia yale maelekezo midomoni: mwisho wa nyumba, kabla ya kuteremka mtoni.

Mama Tabita alikuwepo. Mwanamke wa umri wa mama, anaanua mihogo yake. Muzee Alfonsi alianza hotuba kama inavyotakiwa, kwamba tumeona ua zuri katika boma hili, kwamba tuna kijana. Yule mwanamke akamkatiza.

"Munatafuta nani?"

"Furaha," alisema mama.

Aliweka ungo chini. "Furaha yangu alikufa na homa. Mbele ya feza kubadilika. Hakuolewa. Nani aliwaambia jina yake?"

Mama alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamwekea kifurushi mkononi, akakifunga na vidole vya yule mwanamke mwenyewe. "Niko mama ya muvulana," akasema. "Shimo ilimuangukia. Amenituma."

Niliogopa mama Tabita atatufukuza, niliogopa zaidi atapiga kelele watu waje. Alikaa chini palepale kwenye mavumbi, kifurushi kifuani.

"Mutoto wako anapiga wanawake?" akauliza.

"Hapana. Hapigi hata mbuzi." Mama akasogea karibu naye. "Ila anaogopa giza. Tangu mudogo. Hakukuwa naniambia, lakini alilala na taa mpaka alikuwa mukubwa. Na kule hakuna..."



"Wangu haogopi," alisema mama Tabita. "Hata kidogo. Alikuwa anaamuka usiku kuteka maji peke yake."

Hapo mama yangu alilia, kwa mara ya kwanza tangu shimo lianguke, na mama Tabita akamshika kichwa akimwita bokilo, mkwe wangu. Mimi na muzee Alfonsi tulikwenda kumchinja jogoo.